Gesi ya madampo huhesabiwaje bila kupimwa?

Na Mwandishi Wetu

KILA nchi iliyoridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi ina wajibu wa kutoa hesabu ya gesijoto zinazotoka ndani ya mipaka yake: za magari, za viwanda, za mifugo, za misitu inayokatwa, na za taka.

Katika sura ya taka upo mstari mmoja unaowasumbua wataalamu kuliko mingine. Ni ule wa gesi ya methani inayotoka katika madampo. Gesi hiyo haina rangi, haina bomba la kutokea, na katika madampo mengi ya Afrika hakuna chombo kinachoipima siku hadi siku.

Hata hivyo, mwaka wa ripoti ukifika, namba huandikwa.

Namba hiyo ina uzito wake. Ndiyo inayoonyesha kama ahadi ya taifa ya kupunguza gesijoto inatimizwa. Ndiyo inayotazamwa na mwekezaji wa biashara ya kaboni anayetaka kutandaza mabomba juu ya dampo. Na ndiyo inayoipa halmashauri hoja ya kuomba fedha za magari, mizani au kiwanda cha mboji, ama inayoinyima hoja hiyo.

Makala haya yanaeleza namba hiyo inavyopatikana, mahali inapoweza kupotoka, na kwa nini jiji lisilopima uzito wa taka zake haliwezi kuthibitisha kwamba limepiga hatua, hata kama kweli limepiga.

Taka zinapogeuka gesi

Ganda la ndizi likiachwa juu ya ardhi shambani huoza kwa msaada wa hewa, na kaboni yake hurudi angani kama hewa ukaa. Hewa ukaa hiyo haiingizwi katika hesabu ya taka, kwa kuwa mgomba uliivuta kutoka angani muda si mrefu uliopita. Kilichotoka ndicho kilichorudi.

Ganda hilo hilo likifukiwa chini ya mita kadhaa za taka nyingine, mambo hubadilika. Oksijeni huisha katika muda mfupi. Bakteria wasiohitaji hewa hushika kazi, na gesi wanayoitoa huwa takriban nusu methani na nusu hewa ukaa. Ni kazi ile ile inayofanyika ndani ya mtambo wa bayogesi wa mfugaji anayepikia kinyesi cha ng'ombe, isipokuwa kwenye dampo hakuna jiko linaloingoja gesi hiyo.

Methani haikai angani muda mrefu. Huishi takriban miaka 12. Lakini katika muda huo hunasa joto kwa nguvu kubwa. Katika ripoti zinazotolewa chini ya Mkataba wa Paris, tani moja ya methani huhesabiwa sawa na tani 28 za hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Kwa kipimo cha miaka 20, nguvu yake hufikia takriban mara 80. Kwa sababu hiyo, hatua ya kupunguza methani leo huonekana matunda yake ndani ya kizazi hiki.

Kwa nini isipimwe moja kwa moja?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina sehemu mbili.

Kwanza, dampo halitoi gesi sawasawa. Gesi hupenya kwenye nyufa na kingo za lundo, huongezeka au kupungua kwa kufuata mvua na mgandamizo wa hewa, na huweza kuwa nyingi sana sehemu moja na isiwepo kabisa hatua 10 mbele. Kisanduku cha kupimia kikiwekwa juu ya lundo hueleza habari za eneo dogo kilipokaa, na saa ile tu.

Pili, hesabu ya taifa haihusu leo peke yake wala dampo moja. Hutakiwa kuonyesha mfululizo wa miaka, na kuhusisha madampo yote, yakiwemo yaliyokwisha kufungwa. Hakuna chombo kinachoweza kurudi nyuma kwenda kupima gesi iliyotoka miongo mitatu iliyopita.

Kwa hiyo nchi hukokotoa. Kanuni za ukokotoaji hutolewa na jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, linalojulikana kwa kifupi kama IPCC. Miongozo inayotumika ni ya mwaka 2006, iliyoboreshwa mwaka 2019. Mkutano wa Katowice, Poland, mwaka 2018 uliafiki kwamba chini ya Mkataba wa Paris nchi zote, tajiri na maskini, zitumie miongozo hiyo ya 2006. Ripoti za kwanza za utaratibu huo mpya zilitakiwa kufika kabla ya mwisho wa mwaka 2024, ingawa nchi zenye maendeleo duni zaidi, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliachiwa hiari ya kupanga muda wao.

Mbinu ya zamani na mbinu ya sasa

Miongozo ya mwaka 1996 iliruhusu njia ya mkato. Mtaalamu alichukua taka zote zilizotupwa mwaka huo, akakadiria methani yote inayoweza kutoka ndani yake, kisha akaiandika yote kuwa imetoka mwaka ule ule.

Ni sawa na mfanyabiashara aliyekopesha bidhaa za kulipwa kwa miaka 20, halafu akaandika katika daftari kwamba fedha zote zimeingia leo. Kwa jiji ambalo taka zake zinaongezeka kila mwaka, njia hiyo huikuza namba kuliko ilivyo. Na dampo likifungwa, njia hiyo husema gesi imekwisha siku ile ile, jambo ambalo jirani yeyote wa dampo la zamani anajua kuwa si kweli.

Miongozo ya 2006 iliiacha njia hiyo na kuweka mbinu ya uozaji wa taratibu. Kwa mbinu hii, kila mzigo wa taka unaoingia dampo huachia gesi kidogo kidogo kwa miaka mingi. Kila mwaka, sehemu ile ile ya kilichobaki huoza. Hivyo gesi huwa nyingi mwanzoni, kisha hupungua bila kufika sifuri kwa haraka.

Mbinu hiyo inaposema "gesi ya mwaka 2025", maana yake ni jumla ya michango ya taka za mwaka 2024, za 2023, za 2022, na kurudi nyuma hivyo hivyo hadi miaka 50 au zaidi. Dampo, kwa lugha ya hesabu hii, ni kumbukumbu ya jiji.

Mfano wa tani 100

Msomaji asiogope namba. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha, na mwanafunzi wa darasa la saba anaiweza.

Tuchukue tani 100 za mabaki ya chakula zilizotupwa katika dampo lisilosimamiwa, lenye kina cha zaidi ya mita 5.

Hatua ya kwanza ni kuuliza kiasi gani cha taka hizo ni kaboni inayoweza kuoza. Kwa mabaki ya chakula, IPCC imeweka kiwango cha asilimia 15 ya uzito wa taka zikiwa mbichi. Kwa karatasi ni asilimia 40, kwa mbao asilimia 43, na kwa plastiki, chuma na chupa ni sifuri. Katika tani zetu 100, basi, tunabaki na tani 15.

Hatua ya pili ni kuuliza sehemu gani ya kaboni hiyo huoza kweli ikiwa chini ya ardhi. Miongozo ya 2006 ilitoa jibu moja la jumla: nusu. Zinabaki tani 7.5.

Hatua ya tatu inahusu aina ya dampo. Lundo refu hukosa hewa na hutoa methani nyingi. Taka zilizosambazwa kwa kina kifupi hupata hewa na hutoa kidogo. Dampo la kisasa lililoshindiliwa na kufunikwa udongo hupewa alama ya 1. Lundo lisilosimamiwa lenye kina cha mita 5 au zaidi hupewa 0.8. Lenye kina kifupi hupewa 0.4. Pale ambapo hakuna anayejua, huwekwa 0.6. Kwa mfano wetu ni 0.8, na tunabaki na tani 6.

Hatua ya nne ni kuchukua nusu, kwa kuwa nusu tu ya gesi ni methani. Tani 3. Mwisho, uzito wa kaboni hugeuzwa kuwa uzito wa methani kwa kuzidisha kwa 16 na kugawanya kwa 12. Jibu ni tani 4 za methani, sawa na tani 112 za hewa ukaa.

Kama dampo lina mabomba yanayonasa gesi, kiasi kilichonaswa hutolewa katika jibu hilo, lakini kwa sharti kwamba kimepimwa kwa mita na kimeandikwa. Pasipo kumbukumbu, kinachotolewa ni sifuri. Dampo lililofunikwa vizuri hupunguziwa pia asilimia 10, kwa kuwa udongo wa juu huwa na bakteria wanaokula methani kabla haijatoka.

Dar es Salaam si Dodoma

Tani hizo 4 hazitoki siku moja. Kasi yake hutegemea joto na mvua.

Miongozo huyagawa maeneo ya joto, yale yenye wastani wa zaidi ya nyuzi 20, katika makundi mawili: yanayopata mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka au zaidi, na yanayopata pungufu. Dar es Salaam huangukia kundi la kwanza, Dodoma kundi la pili.

Katika kundi la mvua, mabaki ya chakula hupoteza nusu ya kaboni yake iozayo katika muda usiofika miaka miwili. Katika kundi kavu, nusu hiyo huchukua miaka minane hivi. Kwa maana nyingine, ule mzigo wetu wa tani 100 ukitupwa Dar es Salaam, huachia takriban tani 1.3 za methani katika mwaka wa kwanza wa kuoza. Mzigo ule ule ukitupwa Dodoma huachia theluthi moja ya tani hivi, na kilichobaki hudaiwa miaka inayofuata.

Aina ya taka nayo ina kauli. Katika hali ya hewa ya Pwani, karatasi huchukua takriban miaka 10 kuoza nusu yake, na mbao takriban 20. Kwa Afrika Mashariki, viwango vya IPCC huchukulia kwamba karibu asilimia 54 ya taka za mijini ni chakula. Miji yetu, kwa hiyo, hutoa gesi yake mapema. Ndiyo sababu hatua inayochukuliwa kwa mabaki ya chakula huonekana katika hesabu ndani ya miaka michache, wakati hatua ya karatasi na mbao huchukua miongo.

Kumbukumbu za Tabata, Vingunguti na Mtoni

Ikiwa gesi ya mwaka huu inatoka katika taka za miaka mingi, mtaalamu analazimika kuwa mwanahistoria.

Historia ya taka za Dar es Salaam ni ya kuhamahama. Dampo la Tabata lilitumika hadi wakazi walipochoshwa na moshi na harufu, wakaenda Mahakama Kuu mwaka 1988 na kupata haki. Jiji likapeleka taka Kunduchi Mtongani. Nako wakazi wakafungua shauri mwaka 1991 na kushinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, na tangu nusu ya pili ya miaka ya 2000 zimekuwa zikienda Pugu Kinyamwezi.

Kwa msomaji wa kawaida hayo ni mambo ya kale. Kwa mbinu ya uozaji wa taratibu si ya kale hata kidogo. Karatasi iliyofukiwa Tabata mwaka 1990 ilikuwa, kufikia 2025, bado na karibu asilimia 9 ya kaboni yake iozayo. Kipande cha ubao kilichofukiwa pamoja nayo kilikuwa bado na karibu asilimia 30. Chakula ndicho kilichokwisha kabisa.

Tani ngapi zilitupwa Tabata? Kina cha lundo kilikuwa mita ngapi? Taka hizo zilichomwa moto au ziliachwa zioze? Majibu yakikosekana katika majalada ya jiji, mtaalamu hugeukia sensa. Idadi ya watu wa Dar es Salaam ilikuwa takriban 356,000 mwaka 1967, ikapita 1,360,000 mwaka 1988, ikafika takriban 4,365,000 mwaka 2012 na 5,384,000 mwaka 2022. Kutokana na watu hukisiwa taka, na kutokana na taka hukisiwa gesi.

Hapo ndipo makisio yanapoanza kupandana.

Mizani iliyokosekana

Kwa nchi isiyo na takwimu zake, IPCC hutoa kiwango cha Afrika: kila mkazi wa mjini huzalisha tani 0.29 za taka kwa mwaka, yaani karibu gramu 800 kwa siku, na asilimia 69 ya taka hizo hufika dampo.

Tukiyatumia makisio hayo kwa wakazi wa Dar es Salaam wa sensa ya 2022, tunapata takriban tani milioni 1.56 za taka kwa mwaka, na tani milioni 1.08 zinazofika dampo. Lakini kila mkazi wa jiji anajua njia nyingine ambazo taka hupita. Nyingine hufukiwa uani. Nyingine huchomwa jioni nyuma ya nyumba. Nyingine husombwa na Mto Msimbazi wakati wa masika. Chupa na vyuma huokotwa na kuuzwa. Tuseme kinachofika dampo ni asilimia 40 badala ya 69: tani milioni 1.08 zinashuka hadi takriban tani 620,000, na gesi inashuka kwa uwiano huo huo. Hakuna kilichobadilika Pugu. Kilichobadilika ni dhana.

Miongozo yenyewe haifichi udhaifu huo. Kwa nchi inayopima uzito wa taka katika kila dampo, kosa la takwimu za taka huwekwa kuwa asilimia 10 juu au chini. Kwa nchi inayokusanya takwimu za taka mara kwa mara, asilimia 30. Kwa nchi zenye takwimu hafifu, miongozo inasema kosa linaweza kuzidi mara mbili. Yaani jibu sahihi linaweza kuwa chini ya nusu ya lililoandikwa, au zaidi ya mara mbili yake.

Linganisha na vipengele vingine vya hesabu. Kosa la kiwango cha kaboni iozayo hukadiriwa kuwa asilimia 20. La aina ya dampo ni kati ya asilimia 20 na 30 kwa madampo yasiyosimamiwa. La mgawo wa methani katika gesi ni asilimia 5 tu. Shimo kubwa kuliko yote halipo katika kemia. Lipo katika uzito wa taka.

Dawa ya shimo hilo haihitaji maabara ya ughaibuni. Ni mizani ya malori, kama ile ambayo madereva wa masafa marefu wanaifahamu, iliyowekwa kwenye lango la dampo, ikifanya kazi kila siku na kumbukumbu zake zikitunzwa. Kuhesabu malori hakutoshi. Lori lililojaa majani makavu na lori lililojaa maganda ya matikiti yaliyolowa mvua huonekana sawa kwa mwenye kuhesabu, lakini hayalingani kwa uzito wala kwa gesi.

Mizani ikiambatana na kazi ya kuchambua sampuli za taka kwa mkono mara kwa mara, chakula upande huu, karatasi upande ule, taifa hupanda daraja. Huacha kutumia viwango vya bara zima na kutumia vya kwake.

Dampo bora, gesi zaidi

Kuna jambo katika hesabu hii linalomshangaza kila anayelisikia mara ya kwanza.

Zile tani 100 za chakula zikitupwa katika dampo la kina kifupi hutoa tani 2 za methani. Katika lundo refu, tani 4. Katika dampo la kisasa lililoshindiliwa, tani 5, au 4.5 likipunguziwa ile asilimia 10 ya udongo. Jiji linalojitahidi kukusanya taka zilizozagaa mitaani na kuzifukia kitaalamu linaweza, basi, kuonekana katika ripoti kama jiji lililoongeza gesijoto.

Hiyo si hoja ya kuacha taka zizagae. Taka zilizozagaa huziba mifereji na kuleta mafuriko na kipindupindu, na zikichomwa hutoa moshi wenye sumu ambao huhesabiwa katika mstari wake mwingine. Lundo lisilosimamiwa huua pia. Dampo la Kiteezi jijini Kampala lilipoporomoka Agosti 2024, watu zaidi ya 30 walipoteza maisha.

Ni hoja ya kwenda mbele hatua moja zaidi: mabomba ya kunasa gesi yawekwe pamoja na dampo la kisasa, au, iliyo nafuu zaidi, mabaki ya chakula yasifike dampo kabisa. Kwa viwango vya IPCC, tani 100 za taka zikigeuzwa mboji hutoa takriban tani 0.4 za methani badala ya tani 4, pamoja na kiasi kidogo cha gesijoto nyingine, oksidi ya naitrojeni. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, kilichotokana na ushirikiano wa Manispaa ya Kinondoni na Jiji la Hamburg la Ujerumani, kinafuata njia hiyo. Masoko ya Dar es Salaam, ambayo taka zake nyingi ni mboga na matunda, ndiyo chimbuko jepesi zaidi la malighafi yake.

Lakini faida ya mboji haitaonekana katika hesabu ya taifa kama tani zilizoingia kiwandani hazikupimwa na kutolewa katika tani za dampo.

Fedha zinapodai ushahidi

Tanzania imewahi kukutana na jambo hili kwa upande wa fedha. Mwaka 2007, mradi wa kunasa gesi na kufua umeme katika dampo la Mtoni, Temeke, ulisajiliwa chini ya Utaratibu wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto. Ulikuwa mradi wa kwanza wa nchi hii kusajiliwa katika utaratibu huo.

Miradi ya aina hiyo ilihitaji hesabu mbili. Ya kwanza ilikuwa makadirio ya kabla, yaliyotumia mbinu ile ile ya uozaji wa taratibu kueleza gesi itakayopatikana. Ya pili ilikuwa ya baada, iliyotokana na mita ya bomba. Hati za kaboni zilitolewa kwa kufuata mita, si kwa kufuata makadirio. Duniani kote, miradi mingi ya madampo iliambulia pungufu ya kiasi kilichotarajiwa, kwa sababu taka zilikuwa chache kuliko zilivyodhaniwa, lundo lilikuwa na hewa au maji mengi ndani, au mabomba yalinasa sehemu tu ya gesi.

Somo hilo bado lina thamani. Kanuni za biashara ya kaboni za Tanzania zilitolewa mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Ufuatiliaji wa Kaboni kipo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Halmashauri itakayoingia mkataba kwa kutegemea viwango vya vitabuni itakuwa imeuza mazao ambayo hayajavunwa.

Macho ya angani

Kwa miaka ya karibuni amejitokeza mkaguzi mpya. Setilaiti zinaweza kuona methani inayotoka katika madampo makubwa na kukadiria kiasi chake.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu Buenos Aires, Delhi, Lahore na Mumbai ulionyesha kwamba methani ya miji hiyo ilizidi makadirio yaliyokuwa yakitumika kwa kati ya mara 1.4 na mara 2.6, na madampo yalikuwa na mchango mkubwa. Nchini Marekani, ambako madampo makubwa hutoa ripoti kila mwaka, vipimo vya ndege vilivyochapishwa mwaka 2024 vilikuta gesi ikiwa wastani wa mara 1.4 ya iliyoripotiwa.

Setilaiti haiwezi kuchukua nafasi ya hesabu. Huzuiwa na mawingu, huona zaidi vyanzo vikubwa, na hupita kwa dakika chache. Lakini huweza kuwa shahidi. Taifa lenye kumbukumbu nzuri za taka litaweza kumjibu shahidi huyo. Lisilo nazo litalazimika kukubali namba iliyoandikwa na wengine.

Namba ikibadilika, uliza sababu

Liko angalizo moja kwa wasomaji na waandishi. Maboresho ya mwaka 2019 yaligusa ile hatua yetu ya pili. Badala ya nusu kwa taka zote, mabaki ya chakula sasa hukadiriwa kuoza kwa asilimia 70, karatasi asilimia 50, na mbao asilimia 10. Kwa kiwango hicho kipya, tani zetu 100 za chakula hutoa tani 5.6 za methani badala ya 4.

Hiyo ni nyongeza ya asilimia 40, na hakuna ganda moja lililoongezwa dampo. Ndiyo maana kanuni zinataka nchi inapobadilisha mbinu ikokotoe upya miaka yote ya nyuma, ili mwaka 2000 na mwaka 2025 vipimwe kwa kipimo kimoja. Anayelinganisha ripoti ya zamani na mpya bila kuangalia mbinu anaweza kutangaza kupanda au kushuka ambako hakukuwapo.

Basi mara nyingine msomaji atakapokutana na taarifa kwamba madampo ya nchi yanatoa tani kadhaa za gesijoto, aulize maswali matatu. Taka zilipimwa au zilikisiwa? Viwango vilivyotumika ni vya hapa au vya bara zima? Na miaka ya nyuma imekokotolewa kwa mbinu ile ile?

Maswali hayo hayapunguzi uzito wa tatizo. Gesi inatoka, ihesabiwe isihesabiwe. Lakini fedha za kuizuia, sifa ya kuipunguza na uwezo wa kuahidi mbele ya mataifa mengine vyote hupitia katika namba hiyo moja, na namba hiyo huanzia kwenye lango la dampo, pale lori linapopaswa kusimama juu ya mizani kabla ya kumwaga mzigo.